Bakuli Jepesi

Nilikuwa nimetoka Songea kwenye usaili. Basi letu liliposimama Kitai, mbele yetu lilikuwa limeegeshwa lori la kutoka ziwani, na vijana wawili walikuwa wakishusha magunia ya usipa. Dada aliyekaa karibu nami akajifunika pua kwa mtandio. Mimi nilibaki na bahasha yangu ya vyeti mapajani, nikarudi kuwa mtoto wa miaka saba ambaye amesema neno mbele ya wanaume, na hawezi tena kulirudisha mdomoni.

Mliosubiri kazi mpaka bahasha ikachakaa pembeni mtanielewa. Usaili wenyewe ulikwisha upesi. Tuliitwa wengi kwa nafasi mbili, tukaulizwa maswali ambayo hata walioyauliza walionekana kuyachoka, kisha tukaambiwa, “Tutawasiliana nanyi.” Nimekwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba nayatambua kabla hayajatoka, kwa jinsi mtu anavyokusanya karatasi zake. Njia nzima nilikuwa nikifikiri nitamwambia nini Mama. Niliandaa sentensi, nikaitengua, nikaandaa nyingine. Ndipo ile harufu ya samaki wadogo waliokaushwa juani ikaingia dirishani, nikaacha kupanga.

Baba yangu alikuwa karani wa mzani katika kampuni moja iliyokuwa ikinunua kahawa Mbinga. Yeye na Mama walitokea Singida, lakini mimi nilizaliwa hapa, katika nyumba za kampuni zilizokuwa nyuma ya ghala. Nikifumba macho naisikia harufu ya magunia ya katani na vumbi la maganda. Baba alikuwa akiweka penseli juu ya sikio, na jioni alisahau kuitoa, akala nayo, akaswali nayo. Jumamosi, wakulima wakishaondoka, alinipandisha juu ya mzani, akasukuma vyuma kwa uso wa kazi kabisa, kisha akatangaza kwa sauti, “Mwajuma! Daraja la kwanza! Halina punje mbovu!” Nilishuka pale nikiamini kwamba kuna mahali nimeandikwa.

Halafu ukaja msimu ambao mzani haukutoka ghalani. Redio ilikuwa ikisema uchumi wa dunia umedorora, maneno ambayo kwangu hayakuwa na sura. Nilichoshika ni kile Baba alichomwambia Mama huku akivua viatu: “Huko Ulaya hawanunui tena kahawa.” Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa na vidonda vya tumbo na daktari alimkataza kahawa, yeye mwenyewe alitusimulia. Kwa hiyo nikajua lililowapata Wazungu. Kila nilipomaliza kuswali nyuma ya Mama niliinua mikono nikawaombea matumbo yao. Niliomba kwa bidii, na nilipoona Baba anazidi kukaa nyumbani mchana, nilijilaumu kwamba labda naomba vibaya.

Kazi ilipokwisha, na nyumba ya kampuni ikafuata. Aliyetupokea ni Mzee Kinunda, mkulima wa Mbuji aliyekuwa akileta kahawa yake kwa Baba miaka yote. Alikuja na baiskeli, akamwambia Baba, “Mzani wako haukuniibia hata siku moja. Nina vyumba viwili vimekaa bure.” Tulihamia na vitanda, sanduku, redio, na bakuli kubwa la chuma, jeupe, lenye maua mekundu na mfuniko wake, ambalo Mama alipewa siku ya harusi.

Mbuji ni milima. Wamatengo wanailima kwa ngolo: wanaume wanakata nyasi na kuzilaza kwa mraba, wanawake wanachimba katikati na kuzifukia kwa udongo, mpaka mlima mzima unakuwa na mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni, udongo haushuki. Baba alichukua kibarua cha kulaza nyasi. Mtu wa Singida, mtu wa nchi tambarare, akazilaza kwa mistari iliyonyooka kutoka juu mpaka chini, vizuri kabisa, kama daftari. Gaudensi, kijana wa mwisho wa Mzee Kinunda, alipofika akajishika kiuno.

“Karani!” alisema. “Hapa hatuandiki barua, tunalima. Mvua moja tu, mlima huu wote utaukuta ziwani.”

Baba alicheka pamoja nao, akaanza upya. Alilipwa mahindi. Kazi ya ngolo ni ya majuma machache. Ilipokwisha, na mahindi nayo yakaisha.

Sasa lazima nieleze sengu, kwa sababu wengi wetu tumelala mabwenini na kula kila mtu na sahani yake. Katika ukoo wa Mzee Kinunda wanaume hawakula kila mmoja kwake. Kila nyumba ilipika, vyombo vikapelekwa kwa mzee, na jioni kabla ya jua kuzama walikaa pamoja barazani kwake, wakala, wakazungumza mashamba, kesi na mahari. Wanawake na watoto tulikula nyuma, jikoni kwa mke wa mzee, ambaye sote tulimwita Bibi. Sisi hatukuwa ukoo wao, wala kanisani kwao hatukusali. Lakini Mzee Kinunda alimwambia Baba jioni ya kwanza, “Mpangaji wangu hawezi kula peke yake kama fisi. Njoo.” Na siku walizopika nguruwe, Bibi alitenga sufuria na mwiko ambavyo havikuguswa na nyama ile, akatupikia maharage. Hakuna aliyemwomba.

Kwa hiyo kila jioni Mama alifunga bakuli letu la maua kwa kitambaa cheupe, fundo juu ya mfuniko, akaliweka kichwani na kwenda kwa Bibi. Nami nilimfuata. Niliona kwamba jiko letu limepoa, paka wa jirani amelifanya kitanda. Sikushangaa. Chumba chetu kilikuwa na moshi mwingi, nikadhani Mama anapikia mahali pengine. Mtoto akishiba haulizi sana, na mimi jikoni kwa Bibi nilikuwa nashiba.

Wakati huo kitu kimoja tu kilinisumbua duniani: nilikuwa siwezi kubeba kitu kichwani bila kushika. Wasichana wa Mbuji wa umri wangu walipanda kutoka mtoni na ndoo, mikono inaning’inia, wanapiga soga, wengine wanageuka nyuma kuniangalia nilivyoshikilia kidumu changu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo. “Mtoto wa mjini shingo ya kifaranga,” walisema. Nilifanya mazoezi na daftari, na sahani, na kiatu cha Baba. Shingo ilikataa.

Siku moja Mama aliamka na homa. Hadi alasiri alikuwa bado anatetemeka chini ya blanketi. Baba alikuwa ametoka tangu asubuhi kuulizia kibarua. Mama akaniita, akalifunga bakuli akiwa amekaa kitandani, fundo likamchukua muda.

“Mpelekee Bibi,” alisema. “Pitia nyuma, jikoni. Umpe mkononi, usimpe mtu mwingine. Usipite kwa wanaume. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Niliweka ngata, nikaliweka bakuli. Nikatoka nje nikiwa nimeshika kwa mikono miwili. Baada ya hatua chache nikaachia mmoja. Bakuli likatulia. Nikaachia wa pili. Likatulia! Nilipita chini ya migomba, nikavuka kimfereji, nikaupanda ule mteremko mdogo, na mikono yangu ilikuwa inaning’inia kama ya wenzangu. Chombo cha kulisha wanaume sita kilikuwa juu ya kichwa changu, na sikukihisi. Shingo yangu ilikuwa imekomaa. Ilikomaa bila kuniambia, usiku, kama jino linavyoota.

Hata leo nikilala najiuliza: ingekuwaje kama lingekuwa zito? Ningeshika, ningetazama chini, ningepita nyuma kama nilivyoagizwa. Ni wepesi wake ulionipeleka mbele. Nilitaka Baba anione.

Wanaume walikuwa wameshaketi, Baba miongoni mwao, amerudi na vumbi lake miguuni. Gaudensi aliniona wa kwanza, akapiga mluzi. “Tazameni mwali anakuja!” Baba akageuka. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye bakuli, na uso wake ukafanya kile ulichokuwa ukifanya mbele ya mzani. Nikapiga magoti, nikasalimia, “Shikamooni,” nikalishusha bakuli mbele ya Mzee Kinunda.

Huko nyuma nilisikia Bibi anaita jina langu, mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeona mtoto karibu na moto.

Ilikuwa kawaida yao kwamba mkubwa ndiye anayefunua. Mzee Kinunda alifungua fundo, akainua mfuniko. Ndani, chini kabisa, palikuwa na ua moja jekundu lililochorwa katikati. Hakuna kingine. Bakuli lilikuwa limeoshwa vizuri mno.

Mzee alibaki ameshika mfuniko hewani. Vijana wake wakatazama mikono yao. Ndipo Gaudensi, yule wa masihara, akapiga paja lake.

“Mwajuma! Umekula njiani wewe! Katumbo hako kamemeza ugali wa wanaume sita? Mzee, mtoto huyu tumwoze mapema, atatumaliza!”

Wakacheka wote, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe. Leo naielewa sauti ile. Ulikuwa mlango, Gaudensi ameufungua na kusimama pembeni, na mimi nilitakiwa tu nipite. Ningeinamisha kichwa. Ningechezea kanga. Nilikuwa na nafasi ya kuwa mtoto mlafi kwa dakika moja na kuiokoa nyumba nzima.

Lakini mimi nilifundishwa kwamba uongo ni dhambi, na zaidi ya hapo nilikuwa nimebeba bila kushika, na sasa naitwa mwizi.

“Sijala!” nilisema. Nilikaribia kulia. “Sijala mimi! Mama alinipa hivi hivi. Lilikuwa jepesi tangu nyumbani!”

Kicheko kikakatika. Nikasikia kuku anaparua nyuma ya nyumba. Nikamtazama Baba ili anitetee. Alikuwa akiitazama penseli, ambayo hadi leo sijui kwa nini bado alitembea nayo, ameitoa sikioni na kuishika kama kitu cha mtu mwingine. Halafu akanyoosha mkono, akauchukua mfuniko kutoka kwa Mzee Kinunda, akafunika bakuli letu taratibu.

“Tuleni,” alisema. “Chakula kinapoa.”

Akanawa, akala. Matonge madogo madogo, bila kuinua macho, mpaka wote walipomaliza. Nimewahi kuona watu wakifanya mambo magumu, lakini sijaona mtu akila kama Baba alivyokula siku ile.

Bibi alikuwa amefika pembeni ya nyumba, mwiko mkononi, akaniondoa pale kwa bega. Nilingoja kofi. Alinikalisha jikoni, akanipa ugali na maharage, akanitazama nikishindwa kula.

“Nani amekufundisha kubeba bila kushika?”

“Nimejifunza mwenyewe.”

“Umeweza,” alisema. Akageukia moto. “Kesho pitia nyuma.”

Alfajiri Baba alipanda lori la kwenda ziwani. Aliniaga nikiwa nimelala, hivyo ndivyo Mama alivyosema, na mimi sikuamini. Niliamini ameondoka kwa sababu yangu. Alikwenda Lundo, akawa anawaanikia wavuvi usipa, na malipo yake yalikuwa samaki. Alikaa majuma matatu. Katika majuma hayo sikufungua mdomo mbele ya mtu mzima yeyote isipokuwa kusalimia. Nilikuwa nimegundua kwamba maneno yangu yanaweza kumfukuza mtu nyumbani. Walimu walimwambia Mama nimekuwa mtoto mwenye adabu sana.

Aliporudi alikuwa mweusi kwa jua, midomo imepasuka, na gunia alilobeba lilinuka mpaka kanisani. Jioni ile jiko letu likawaka. Mama alisonga ugali, akaunga usipa kwa nyanya, akajaza bakuli, akaniambia twende wote. Tulipita nyuma. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, na mikono ikashuka kidogo.

“Eee! Leo zito!” alisema.

Mama akaanza kucheka. Bibi naye. Walicheka mpaka wakakaa chini, wameshikana mikono, bakuli katikati yao, na mimi nikasimama nikiwatazama wanawake wazima wanafuta machozi juu ya samaki. Nilipokuwa nimekua ndipo Mama aliponieleza kwamba Bibi ndiye aliyemwambia tangu mwanzo: “Usikae ndani kwa aibu. Lete bakuli tu. Bakuli likija, limekuja.” Kila jioni lilifika tupu kwenye mlango wa nyuma, na kila jioni Bibi alichota katika sufuria yake, akalijaza, akalipeleka mbele pamoja na mengine, ionekane nyumba ya karani nayo imeleta.

Baba hakurudi tena kwenye mzani wa kampuni. Alikwenda na kurudi ziwani miaka mingi, mpaka tukapata kipande chetu cha ardhi hapa hapa Mbuji, na miche ya kahawa. Samaki wale ndio walionisomesha. Nilipohitimu walichinja mbuzi, na Gaudensi, sasa mtu mzima mwenye kitambi, akatangaza kwamba ukoo umepata karani mpya. Ilikuwa hotuba nzuri. Nimekuwa nikiikumbuka kila ninaporudi bila kazi.

Msimu mmoja baadaye, nikiwa bado nyumbani, tulikuwa mimi na Baba kwenye kichanja cha waya, tunachambua kahawa inayokauka, tunatoa punje mbovu. Kazi ile inafungua mdomo kwa sababu macho yana shughuli. Nikasema, “Baba, ile siku ya bakuli.”

“Bakuli gani?”

“Nililopitisha mbele.”

Aliendelea kuchambua. “Ah. Lile.”

“Naomba unisamehe. Ulijua kwa sababu yangu.”

Baba akacheka kwa pua. “Nilijua kwa sababu yako? Mwajuma, mama yako ni Mnyaturu. Ugali wake ukimrushia mtu, unamlaza. Wa Bibi Kinunda ni laini, unakaa kwenye vidole kama unakubembeleza. Jioni ya kwanza tu, nilipochota katika bakuli letu, vidole viliniambia.”

Nilisimamisha mikono. “Mbona hukusema?”

“Nimwambie nani? Mama yako alikuwa akinificha mimi nisiumie. Mzee alijua, ugali ni wa mke wake. Watoto wake walijua, wamekulia kwenye mkono ule. Pale barazani aliyekuwa hajui ni wewe peke yako.”

Miaka yote nilikuwa nimebeba siri iliyovunjika, kumbe siri yenyewe haikuwepo. Nikahisi wepesi, halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikautilia shaka.

“Kwa hiyo sikuharibu kitu?”

Alichukua punje moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaitupa. Alifikiri kweli, hakutaka kunibembeleza.

“Uliharibu,” alisema. “Wote tulikuwa tunajua, lakini lilikuwa limefunikwa. Mtu anaweza kukaa mahali palipofunikwa, akapumzika kidogo, akafikiri. Lilipofunuliwa, sikuweza kukaa tena. Nikaenda ziwani kabla sijawa tayari.” Akaokota punje nyingine. “Labda nisingekuwa tayari kamwe. Sijui. Chambua, jua linakwenda.”

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo mapajani pale Kitai, chini ya bahasha ya vyeti.

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni. Mama alinitazama miguu kwanza, kama anavyofanya, kisha akanipa maji ya kunawa. Hakuuliza. Baba alizima redio, akauliza habari za njia. Nikasema njia nzuri.

Mzee Kinunda alikwishafariki, na sengu siku hizi ni ya Jumapili tu, barazani pale pale, Gaudensi ndiye anayefunua. Kesho yake Mama alijaza lile bakuli la maua, ambayo sasa yamebaki madoa mekundu tu, akalifunga, akanipa mimi. Lilikuwa zito. Nililiweka kichwani nikalishika kwa mikono miwili, na nilipofika kwenye njia panda ya migomba nilisikia wanaume wanacheka mbele, sauti ya Baba ikiwamo. Nikapita nyuma.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni. Macho yameingia ukungu. Siku hizi wakaza wana ndio wanaopika, yeye anapokea vyombo tu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mama. Ni Mwajuma huyo? Nimekujua kwa hatua.” Akanyoosha mikono, nikalishusha bakuli humo, akalipima kidogo, akaliweka pembeni. Lakini mikono yake ikabaki wazi, kana kwamba kuna kitu kingine nimekuja nacho. “Nimesikia ulikwenda Songea. Wamesemaje?”

Sentensi zote nilizoandaa njiani zilikuwa zimekwisha. Palikuwa na moja tu, ile ile, iliyooshwa vizuri.

“Wamesema watanipigia, Bibi.”

Nikajua anajua. Nikajua Mama anajua, na Baba alipozima redio alikuwa anajua. Bibi akanishika mikono yote miwili, akaishika hivyo kwa muda, kwa uangalifu wa mtu aliyepokea chombo kilichofungwa fundo na hana haraka ya kukifungua.

“Haya,” alisema. “Limekuja. Ingia ule.”